Kijembe cha Mke Mdogo

Hicho chuma mlichokiokota shambani msikiite kisu. Kiguseni: kimepinda kama ukucha, na mpini wake ulitosha vidole vitatu. Hicho ni kijembe. Leo mkisikia kijembe mnafikiria maneno. Zamani zile kilikuwa cha kupalilia tu, na mtu akiwa na neno na mwenzake alimwambia usoni.

Enzi hizo paliishi mhunzi, Mhina, na wake wawili. Mkubwa, Semeni, ndiye aliyemvukutia moto miaka kumi na miwili, hata mikono ikajaa makovu ya cheche. Mdogo, Chausiku, alipojifungua, mgongo ulimgomea, akawa hawezi kuinama na jembe. Mhina akaamua kumfulia kijembe apalilie ameketi.

Semeni aliuvukuta moto wa kazi hiyo siku nzima, akidhani chuma ni chake. Kilipopoa, Mhina alimpita, akakitia mkononi mwa Chausiku.

Semeni aliingia jikoni. Alipika, akapakua, yeye mwenyewe akala matonge mawili, basi.

Kuanzia kesho yake, Chausiku akienda mtoni, Semeni alikitwaa kijembe kile kile, akaingia kwenye nyanya chungu za mwenzake, akakata mizizi chini kwa chini na kuushindilia udongo. Asubuhi miche ilisimama kijani, adhuhuri imelala. Chausiku aliimwagilia huku akilia.

Siku ya tano alirudi mapema, akamkuta Semeni amepiga magoti tutani. Akapiga kelele, Mhina akaja mbio.

“Semeni, mke wangu, miche imekukosea nini?”

“Usiniulize miche! Miaka yote hii nakuvukutia moto, umenifulia nini mimi? Hata sindano?”

Mhina akakichukua kijembe, akakifukia pale pale shambani, akadhani amelifukia na jambo lenyewe. Wala hakumfulia Semeni kitu.

Basi Semeni akaushika ulimi badala ya kijembe. Siku moja kisimani, Chausiku akiwa nyuma yake, aliuambia mtungi wake: “Ewe mtungi, dunia ina mambo! Kuna migongo haiinamii jembe, lakini ngoma ikilia inainama mpaka chini.”

Wanawake wakaangua kicheko. Chausiku naye alicheka. Akajitwika maji, akafika nyumbani bila kumwaga tone, lakini jioni alilala bila kula. Jirani yake, bibi aliyewahi kuiona ile miche ilivyonyauka, alipomtazama alisema, “Huyu kapigwa kijembe.”

Na tangu siku hiyo mwenye wivu hagombi waziwazi. Huzungumza na paka, na ufagio, na ukuta. Ukimuuliza, atakuapia kwamba hakutaja jina la mtu, na kweli hakutaja. Aliyekusudiwa hucheka pamoja na wenzake, akaaga vizuri, akaenda kunyaukia kwake.