Gari la Singano na Njia ya Soni

Injini isiyopanda mlima haikomi moshi. Mmemsikia mama yenu akimwambia mjomba wenu maneno hayo, mjomba akanyanyuka akaenda zake bila kuaga, na sasa mnataka kujua ni gari gani linalosemwa ilhali mjomba hana hata baiskeli. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Mombo, zamani simu ilipokuwa ya kupigia posta.

Palikuwa na mtu akiitwa Singano, karani wa stoo katika shamba la mkonge. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupiga pasi suruali zake mwenyewe, na kipaji chake kikubwa kilikuwa kuahirisha. Jambo la leo alilipa kesho, la kesho akalipa mtondo. Mkewe, Zaituni, alikuwa binti wa Soni, kule juu milimani, na kwa miaka minane waliishi vizuri, ila hawakujaliwa mtoto. Singano hakulisema hilo hata siku moja. Aliyelisema ni shangazi yake, Bi Salima, tena siku ya Idi, mbele ya wageni, sinia la pilau likiwa katikati. Alisema mpwa wake amepanda mti wa kivuli, si wa matunda. Zaituni akamtazama mumewe. Singano akatazama pilau.

Kesho yake Zaituni alifunga nguo zake, akasahau kanga moja kwenye kamba, akapanda basi la kwao. Talaka hakudai. Alisema tu, akiwa mlangoni, kwamba njia ya Soni mumewe anaijua. Nanyi mnajua desturi yetu: mke akirudi kwao kwa uchungu, mume humfuata. Asipomfuata, amekwisha kujibu.

Singano hakunyamaza kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Kila Jumamosi alimpa konda wa basi kapu la kupeleka Soni: sukari, sabuni, mara nyingine doti ya kanga. Kila Jumatatu kapu lilirudi na mapeasi, maana mtu mwenye adabu harudishi chombo kitupu. Singano aliyala mapeasi yale polepole, moja kwa siku, akajiambia mambo yanakwenda. Kumbe hayakwenda popote. Alimtamani mkewe, wajukuu zangu, alimtamani hasa. Akisikia mwanamke anacheka sokoni aligeuka. Kila asubuhi alitoka uani akautazama mlima ulivyojitanda ukungu, akazihesabu kona za barabara kwa macho mpaka zilipofichwa na miti. Kupanda, hakupanda. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Kisha shamba likafungwa, Singano akapewa kiinua mgongo chake. Wenzake walinunua mabati na ng'ombe. Yeye alikwenda Tanga kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, akanunua kwake gari la mbio la zamani, jekundu, pua ndefu, viti viwili tu. Watu walimcheka hadi wakachoka. Hawakujua kwamba zamani, kabla hawajaoana, magari ya mashindano yalipita Soni, na Zaituni, akiwa amesimama ukingoni mwa barabara na vumbi hadi kwenye kope, alilionyesha moja jekundu na kusema: hilo ningelipanda. Singano alikuwa amesimama kando yake. Neno hilo alilitunza kuliko cheti cha ndoa.

Gari lilifika Mombo juu ya lori. Walipolishusha na kuliwasha uani, lilinguruma vizuri, kisha likatoa moshi mzito hata kuku wa jirani wakahama. Wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka kwa Mbelwa, kaka yake Zaituni. Ilikuwa fupi na ya heshima. Ilisema kama shemeji hatafika mwenyewe kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wazee wa Soni wataomba talaka ya binti yao, na makapu yasitumwe tena.

Zilibaki siku kumi na moja. Singano aliisoma barua ile mara nyingi, halafu akasema atakwenda, atakwenda hakika, gari likishapona moshi. Atafikaje kwa wakwe na moshi ule?

Fundi wa kwanza alitazama akasema ni gasketi, maji yanaingia kwenye moto. Gasketi ikabadilishwa, siku tatu zikaliwa, moshi ukabaki. Fundi wa pili akasema ni ringi za pistoni zimekwisha, oili inaungua; injini ifunguliwe yote, vifaa viagizwe Dar es Salaam, kazi ya miezi miwili. Singano aliitikia kwa huzuni. Lakini Bi Salima, aliyekuwa amekuja kumsalimu, alisema baadaye kwamba huzuni ile ilikuwa na raha ndani yake. Miezi miwili ingemfikisha ng'ambo ya ile Ijumaa, na lawama ingebebwa na gari.

Kabla injini haijafunguliwa, mtu mmoja akashauri aitwe fundi Komba, Mngoni mzee aliyetunza mashine za kiwanda cha mkonge tangu enzi za Waingereza. Komba alikuja na kitambaa cheupe mfukoni, akaomba kiti. Hakugusa kitu. Alisema gari liwashwe, akashika kitambaa mbele ya bomba la moshi, akakitazama, akakinusa. Kikawa na masizi na unyevu. Akauliza maji yamepungua kiasi gani tangu gari lije. Hayakupungua. Oili imeongezwa mara ngapi? Haijaongezwa. Akachomoa plagi moja, nyeusi tititi kama tako la sufuria, akaiweka kiganjani mwa Singano.

"Gasketi ingekuwa mbovu, ungekuwa unajaza maji," akasema. "Ringi zingekwisha, ungekuwa unanunua oili. Injini hii haili maji wala oili. Hebu niambie, bwana Singano, umeliendesha hadi wapi?"

Singano akasema hajaliendesha bado, analitunza. Kila asubuhi hulipangusa, huliwasha, hulisikiliza kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, kisha hulizima na kulifunika. Na kwenye kiti cha pili ametandika kanga, lisiingie vumbi. Kila mtu pale uani aliijua kanga ile.

Komba aliichukua plagi, akaipangusa kwa kitambaa. Halafu akaongea taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa anayempenda. Alisema gari halina ugonjwa. Linawashwa, na kabla halijapata moto vizuri linazimwa. Petroli haiungui ikaisha, masizi yanaganda ndani, unyevu unalala kwenye bomba, na kila asubuhi yanaongezwa mengine juu yake. Haya hayatolewi kwa spana. Yanatolewa kwa kazi.

"Basi nitalipeleka Korogwe na kurudi," akasema Singano.

"Korogwe ni tambarare, litakwenda kama linaota jua. Lipeleke juu. Gia ya pili, na usililegezee mpaka Soni."

"Leo?"

"Injini isiyopanda mlima haikomi moshi," akasema Komba, akakunja kitambaa chake.

Singano akamwomba basi wafuatane, likikwama njiani iweje? Komba akatazama ndani ya gari. Akasema viti ni viwili, na kimoja si chake.

Alitoka Mombo saa tatu asubuhi. Kona za kwanza moshi ulimfuata kama kawaida, na wauza matunda waliziba pua na kumpa majina. Katikati ya mlima ukazidi. Ulitoka mweusi, mzito, hata kwenye kioo hakuona barabara aliyoiacha. Moyo ukamwambia injini inakufa, geuza. Lakini nyuma kulikuwa na lori la mbao, kushoto korongo, kulia mwamba, na palipokuwa na nafasi ya kugeuzia palikwisha kupitwa. Akakanyaga mafuta. Kona mbili, tatu, injini ikakohoa, kisha mngurumo ukabadilika, ukawa mmoja, mwembamba, safi. Akatazama kioo. Aliona lori, na nyuma ya lori miti, na bonde lote hadi chini Mombo. Moshi haukuwepo.

Mngedhani alifurahi. Hapo ndipo alipoogopa. Moshi ulikuwa umekwisha, na sasa hakuwa na kitu cha kusingizia.

Zaituni alikuwa uani kwao anapepeta maharage. Alikuwa amekonda, na mvi mbili tatu zilichungulia penye nywele za mbele. Singano hakuwa ameziona zikiota, na jambo hilo lilimchoma kuliko yote. Mbelwa alitoka ndani, akamwona shemeji, akarudi ndani. Zaituni aliendelea kupepeta.

"Gari lilikuwa linatoa moshi," akasema Singano. "Ndilo lililonichelewesha."

"Gari umelinunua mwezi huu. Mimi nimeondoka miaka mitatu."

Singano akakaa chini, juu ya udongo, na suruali yake ya pasi. "Niliogopa," akasema. "Shangazi aliposema yale, niliogopa kumjibu. Ulipoondoka, niliogopa kukufuata nikute hunitaki. Nikaona bora nikutamani nikiwa kule kule."

"Sukari yako nimekula, Singano. Lakini sukari haina mdomo, haikuweza kuniambia hayo."

Hakushuka naye siku ile. Alisema alitukanwa mbele ya watu, basi atarudishwa mbele ya watu. Kwa hiyo ile Ijumaa ya mwisho wa mwezi, badala ya talaka, gari jekundu lilipanda tena, na kwenye kiti cha pili alikuwa Bi Salima, akimwita Mungu katika kila kona. Soni, mbele ya wazee, Singano alisema kwanza, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, kwamba aliyemkosea mkewe zaidi ni yeye aliyenyamaza. Kisha Bi Salima akasema lake. Halikuwa tamu sana, lakini lilisemwa. Alirudi kwa basi, maana viti, kama alivyosema fundi, vilikuwa viwili.

Njiani Zaituni alishika mkono wa mlango, akatazama miti ikipanda nao wakishuka. Gari liliposimama uani Mombo hakuteremka. Aliuliza walitoka Soni saa ngapi. Singano akasema saa nane na dakika ishirini. Zaituni akatazama saa yake ya mkono, na ilikuwa saa tisa kamili.

"Dakika arobaini," akasema. "Miaka yote ile nilikuwa nikijiambia, pengine ni mbali."

Singano aliinamisha kichwa kwenye usukani akalia, na mkewe alimngoja hadi akamaliza. Waliishi pamoja hadi uzeeni, na kila walipopanda kwenda Soni walikwenda wote wawili. Lakini miaka ile mitatu hawakurudishiwa, na hakuna fundi awezaye kuirudisha, hata Komba. Ndiyo maana hapa kwetu, tukimwona mtu anatamani tu na haendi, tunamwambia: injini isiyopanda mlima haikomi moshi.