Kwa Nini Barabara ya Ntabende Huzunguka

Hapo kale, katika nchi ya Wazulu, njia ya Ntabende ilikuwa imenyooka. Ilikuwa imekatwa upya juu ya mlima, na watu waliipenda kwa kuwa ilifupisha safari. Njia ya zamani, iliyozungukia mtoni, iliachwa ikaota majani.

Wakati huo mtu akifia mbali, ndugu zake walikwenda na tawi la mkunazi hadi mahali alipoanguka. Roho ilishika tawi, nao wakalibeba kwenda nyumbani, kimyakimya. Wengi waliobebwa hivyo hawakufika.

Bajabulile alikuwa na mtoto anayenyonya. Mumewe, Mbekwa, aliuawa vitani ng'ambo ya mlima, karibu na kwao Bajabulile. Mama yake Mbekwa hakula wala kulala. "Mwanangu yuko kwenye umande," alisema kila asubuhi. Wanaume wa nyumba ile walikuwa wamekwisha vitani, basi Bajabulile akamfunga mtoto mgongoni, akaenda mwenyewe.

"Rudi kwa njia mpya, mwanangu, uwahi," mama mkwe alimwambia.

Alipoliinua pale Mbekwa alipoanguka, tawi lilikuwa zito kama mtu aliyekuegemea. Akapita njia mpya. Kabla ya kufika kileleni, tawi likawa jepesi kama bua kavu. Akajua Mbekwa amebaki nyuma. Aliketi akalia, na mtoto akalia. Ndipo akakumbuka: njia ile ilikatwa Mbekwa akiwa vitani. Hakuwahi kuipita hata mara moja. Angefuataje?

Alirudi hadi njia panda, na tawi likawa zito tena. Akashika njia ya zamani, ile aliyopita Mbekwa alipokuwa akija kumchumbia, akawa anamwambia kila mahali.

"Baba, hili ndilo jiwe ulilokalia ukipaka miguu mafuta, usifike kwetu na vumbi. Sasa tunavuka mto. Shika vizuri, pana utelezi."

Wanawake waliokuwa wakichota maji walimcheka. "We bibi harusi, leo hutusalimii? Unaongea na kijiti?"

"Mwacheni, tangu aolewe anaringa!"

Hakuwajibu. Aliogopa kwamba akiwageukia walio hai, Mbekwa atampotea tena. Mmoja wao, mtu mzima, akatambua tawi la mkunazi. Akauondoa mtungi wake njiani, na wote wakanyamaza.

Nyumbani, mama mkwe alilipokea tawi kwa mikono miwili, na mikono ikashuka kwa uzito.

"Ni yeye," alisema. Kisha akaomba uji.

Na tangu siku hiyo watu waliiacha njia iliyonyooka, wakaikanyaga ile ya mtoni mpaka ikawa barabara ya lami. Wageni wanaokuja kutazama milima huuliza kwa nini inazunguka hivyo. Na abiria akiingia garini na tawi la mkunazi, hasalimiwi, wala yeye hasalimii. Huachiwa kiti cha pili kando yake, na dereva huzima redio, ili anayeambiwa njia asikie.