Maua ya Kahawa ya Osmunda

"Mabega ya msibani yaanze kwa mgonjwa." Mmeyasikia leo kanisani mkacheka, eti bega huanzaje. Chekeni tu! Mimi nilikuwepo maneno hayo yalipozaliwa, na yalizaliwa hivi.

Jirani yetu Osmunda Kapinga aliugua saratani ya mifupa. Hospitali wakamrudisha nyumbani. Dawa ya kumponya haikuwepo. Akabaki na ombi moja: alazwe katikati ya mibuni yake ikiwa imechanua. Na maua ya kahawa, wajukuu zangu, hayamngoji mtu. Siku tatu yameshapukutika.

Kila aliyemtembelea alilisikia ombi hilo. Sisi akina mama wa jumuiya tulileta uji na sala. Nesi Imelda wa zahanati alileta dawa ya maumivu. Machela ya kumfikisha shambani walikuwa nayo chama cha mazishi. Kila kundi na siku yake, hatukuwahi hata kukutana mlangoni. Aibu tupu!

Siku ya pili ya maua, harufu yake ilijaa kijiji kizima, unatembea kama unaota. Nikashindwa kuvumilia. Nikamshika nesi mkono, sisi hao hadi kwa Mzee Otmari, mwenyekiti wa chama cha mazishi.

"Machela yetu ni ya marehemu," akasema. "Kumlaza aliye hai ni kumwitia kifo."

"Basi njoo umwambie mwenyewe!" nikamjibu kwa hasira.

Akaja. Osmunda akamtazama kwa upole. "Shemeji, siku si nyingi utanibeba nami sitajua. Nibebe leo, nikushukuru."

Mzee yule alilia, jamani, mbele yetu sote.

Nesi akampa dawa, tukangoja imtulize. Wanaume wanne wakamwinua polepole, mimi nikiwaonyesha upande usiomuuma. Shamba lilikuwa jeupe pepepe, nyuki wakivuma. Maua yakamdondokea usoni, hakuyapangusa. Akazungumza na marehemu mumewe, akacheka peke yake, kisha akalala bila kugumia, mara ya kwanza mwezi ule.

Alipoamka jioni alisema, "Asante, shemeji. Pole kwa kunibeba."

Tangu hapo nesi, sisi na wenye machela tulikwenda kwake pamoja, hadi alipofariki siku ya tisa.

Mazishini watu walifurika hadi barabarani. Mzee Otmari akasimama kando ya kaburi, akatutazama.

"Mmejaa kweli," akasema. "Osmunda alihitaji wanne tu wa kumbeba akiwa hai. Mabega ya msibani yaanze kwa mgonjwa."