Bawabu wa Kidau cha Wino

Aliyetawala Shangilani zamani hizo alikuwa Sultani Badrani, na katika mji huo ilikuwa mwiko kutamka "hapana" mbele ya kiti cha enzi, na mwenye kulitamka alikatwa ulimi. Aliyekataa jambo alisema "Mola akijalia", na wote wakaelewa.

Binti wa marehemu mkalimani wa Sultani, Mwanamize, aliyetolewa chuoni kabla ya kuhitimu, alirithi kidau cha wino cha babake, na alipokifungua likatoka jini la moshi wa buluu, likanena, "Labeka, bibi yangu! Nitume."

"Nifundishe Kiingereza."

Maneno yakaelea juu ya wino mithili ya vimulimuli, naye akaona kuwa kukataa kwetu hubebwa na kitenzi kama mwana mgongoni, bali kwa Waingereza ni kineno kidogo kisimamacho kama bawabu, na mabawabu wawili wakikutana hugombana, na mlango hubaki wazi, kukataa kukawa kukubali.

"Kumbe mmoja atosha?"

"Akiwa na moyo, bibi."

Siku moja akaja mjumbe wa Kiingereza, akaitaka chemchemi ya mji, nayo ilikuwa ya pekee. Sultani akatabasamu, "Mola akijalia." Mwanamize, aliyeitwa barazani kushika kazi ya babake, akafasiri vivyo hivyo, na mjumbe akashukuru, akasema kesho ataizungushia ukuta.

"Maulana, amesikia ndiyo!"

"Basi mwambie, Mola akijalia sana!"

Mjumbe akainama zaidi, akatoa hati. Sultani akatoka jasho, maana sheria ilimfunga hata yeye. Mwanamize akawakumbuka wanawake na mitungi yao, akamgeukia mjumbe, akatamka kile kineno cha Kiingereza, kimoja tu, waziwazi. Mjumbe akakunja hati yake, akaondoka.

Mkata ndimi akasogea na kisu chake.

"Umemwambia nini?" akauliza Sultani.

"Lililokuwa moyoni mwako, maulana. Na ulimi wenyewe ni huu," akautoa.

Sultani akacheka hata kilemba kikapinda. "Rudisha ulimi wako, binti, ndio bawabu wa mji wangu!" Akaifuta sheria ile, akampa dhahabu, na akamposea mwanawe Sefudini. "Wakubali?"

"Hapana, maulana. Mpaka nihitimu."

Sefudini akawa wa kwanza kucheka. "Nitangoja, na wino nitakujazia mimi."

Akangoja miaka mitatu. Siku Mwanamize alipohitimu na kusema "ndiyo", jini likapewa uhuru wake, na ngoma zikalia siku saba, na kila mtu Shangilani akajua kwamba "ndiyo" ya mwenye kuweza kukataa ndiyo iliyo tamu, na nyumba isiyo na bawabu si ya mwenyewe.