Tui la Bi Nguchiro

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vyombo vyao na manahodha wao, alikuwapo Bi Nguchiro, na mumewe alikuwa mwanamaji. Jirani yao alikuwa Bi Kanu, mpishi wa masurufu, yaani chakula cha safarini. Wazee wa Mrima walikiita pamba. Kiiteni mpendavyo, tumbo haliulizi jina.

Bi Kanu alipika mabumunda, vimkate vya unga wa mtama, vikavu, vigumu, vya kuloweka kwanza ndipo vitafunike. Vyake vilikaa mwezi mzima bila kuota ukungu. Na mume wa Bi Nguchiro, kila aliporudi safari, hata kabla hajanawa miguu, alisema, "Bi Kanu ana mkono."

Mkono! Na huyu anayekufulia je, ana kwato? Wivu ukamkaa Bi Nguchiro kooni kama mwiba wa samaki.

Safari ya kwanza akampikia mumewe mabumunda ya asali. Sisimizi wakayamaliza kabla nanga haijang'oka. Mume akarudi, akasema, "Bi Kanu ana mkono."

Safari ya pili akapika ya ndizi mbivu. Yakachacha siku ya pili tu, wakayatupa. Mume akarudi, akasema yale yale. Bi Nguchiro akalia jikoni, akisingizia moshi.

Safari ya tatu akachungulia uani kwa Bi Kanu siku saba. Akaona unga unakaangwa kwanza, mabumunda yakishaiva yanaanikwa juani siku tatu. Akafanya vile vile. Yakatoka magumu, mazuri, hata mwenyewe akashangaa.

Hapo angetosheka. Lakini mwenye wivu hatosheki kupata, mpaka mwenzake akose.

Bi Kanu alipokwenda kisimani, Bi Nguchiro akakuna nazi, akakamua tui zito, akaingia kwa jirani na kulinyunyizia kapu zima la masurufu. Mpwani yeyote anajua kwamba chakula cha safari hakitiwi tui. Leo tamu, kesho kutwa linanuka. Akawaza kwamba wanamaji wengine wote watakula uvundo, mume wake peke yake atakula vizuri, na atarudi amsifu yeye.

Ila Bi Nguchiro hakuwahi kupanda chombo, wala hakujua desturi ya humo. Chomboni hakuna kapu la mtu. Nahodha Ngedere alimwaga mabumunda yote, ya Kanu na ya Nguchiro, katika kasha moja, akafunika.

Chombo kikarudi. Mume akashuka amekonda, macho yameingia ndani. Akaketi kizingitini. Bi Nguchiro akasubiri neno lake.

"Kasha zima lilioza, tukalimwaga baharini," mume akasema. "Lakini siku ya kwanza, kabla hayajachanganywa, nilionja moja la kwako. Nikawaambia wenzangu, leo mke wangu kawapita wote. Nilikuwa narudi kukusifu."

Bi Nguchiro akatamani ardhi ipasuke. Mara akasikia wanamaji mlangoni kwa Bi Kanu, wanaapa kwamba hawatanunua tena hata kimkate kimoja kwake. Bi Kanu alikuwa anageuzageuza kapu lake tupu. Bi Nguchiro akaenda.

"Mwacheni shoga yangu," akasema. "Tui lililoozesha kasha lilikuwa langu. Wivu ulinizidi."

Wakamwacha Bi Kanu, akapika tena, na wanamaji wakala. Lakini tangu siku ile mume wa Bi Nguchiro akirudi safari hunawa miguu yake kimya, hamsifu yeyote.

Basi wanangu, mwenye kuharibu cha mwenzake hutia uozo katika kasha linalomlisha mwenyewe.

Ngano yangu nimeifunika kapuni. Tamu yake chukueni ninyi, chungu yake mwachieni Nguchiro.