Kopo Jekundu la Ambokile

"Kopo la leo halimpimi wa kesho." Ndivyo kocha wenu alivyowajibu mlipomlalamikia kwamba mwenzenu Tumpe anakosa kila mpira, nanyi mmekuja mbio stoo kwangu kuuliza ni kopo gani hilo. Kaeni. Sekela, usiikalie mipira, haikununuliwa iwe viti. Msemo huu haukutoka kwa mababu. Ulizaliwa hapa hapa chuoni, miaka ishirini na mbili iliyopita, nami nilikuwepo. Tena nilikuwa miongoni mwa wakosaji, kwa hiyo nikisimulia vibaya nivumilieni.

Wakati ule nilikuwa mtunza stoo kama sasa, ila meno yangu yalikuwa kamili. Chuo chetu cha kilimo hakikuwa na starehe nyingi. Mvua ya huku Rungwe mnaijua, ikianza haijui kuaga. Basi Jumamosi ikipambazuka kavu, watu wote walijaa kwenye ngazi za uwanja wa kikapu: wanafunzi, walimu, mafundi, hata wauza ndizi wa kijijini. Mechi ikiisha tuliingia kantini kunywa soda na kubishana. Kwa kweli nadhani wengi tulikwenda uwanjani ili tupate cha kubishania.

Mwaka huo alikuja kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Ambokile, kutoka upande wa Masoko. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole mno, na kazi yake kwenye timu ilikuwa kutupa kutoka mbali. Akikosa alikuwa na tabia ya kujivuta sikio la kushoto, kama mtoto anayejiadhibu mwenyewe. Mechi yake ya kwanza alitia mipira minane ya pointi tatu. Minane! Tulimbeba mabegani mpaka kantini. Jumamosi iliyofuata alitupa mara tisa na hakuingiza hata mmoja. Ya tatu akatia sita. Ya nne, hola. Wanafunzi wakambandika jina la Mgao, kwa sababu alikuwa kama umeme wa siku zile: leo upo, kesho haupo, na hakuna anayekwambia utarudi lini.

Mabishano yakanoga. Fundi Anyosisye, seremala wa chuo, alisema tatizo ni kiwiko, kinakwenda nje. Mwalimu wa udongo alisema kiwiko hakina kosa, kichwa ndicho chepesi. Wapo walioapa kwamba akifika mwaka wa pili atakuwa moto wa kuotea mbali. Wengine wakasema mti ukikua umepinda umekwisha, hata akae miaka kumi hatabadilika. Na walewale waliosema hivi Jumamosi hii, Jumamosi ijayo walisema kinyume chake bila hata kupepesa macho.

Ndipo Anyosisye akaleta makopo. Yalikuwa makopo mawili ya maziwa ya unga, moja akalipaka rangi ya bluu, la pili jekundu. Bluu maana yake acheze, jekundu maana yake akae benchi. Kila mtu akimaliza soda yake anatia kizibo katika kopo moja. Ulikuwa mzaha tu, lakini mzaha ukizoeleka hugeuka sheria. Mimi nikafanywa mhesabuji kwa kuwa stoo ina kufuli. Kila Jumatatu nilihesabu vizibo na kumpelekea matokeo kocha wa wakati ule, Mwalimu Mwaijande. Alikuwa mtu mwema, lakini aliogopa kelele za watu kuliko alivyoogopa kushindwa. Jekundu likizidi, Ambokile alikaa benchi. Akikaa wiki mbili tatu, watu waliikumbuka ile minane, wakajaza bluu, akarudi uwanjani mkono umepoa. Akakosa. Jekundu likajaa tena. Tukasema, "Si tulisema?"

Hatukuona kwamba tulikuwa tunamzungusha sisi wenyewe. Na mimi, wanangu, sikuwa mhesabuji tu. Kizibo changu kilikwenda mahali kilipokwenda cha wengi.

Sasa Jumatatu moja, baada ya mechi mbaya kupita zote, nilikuwa hapa hapa nimevuta makopo nataka kuhesabu. Ambokile akasimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mipira imeshatoka."

"Sikufuata mpira. Naomba unihesabie mbele yangu."

Nilitaka kumfukuza kwa upole, nikashindwa. Nikahesabu. Jekundu lilikuwa na vizibo hamsini na vinne. Katika bluu kilikuwemo kimoja.

Nikamwambia, nikidhani ninamfariji, "Unaona? Yupo hata mmoja anayekutaka."

Akajivuta sikio. "Hicho ni changu, baba. Niliona aibu kopo kubaki tupu."

Nikakigeuzageuza kile kizibo vidoleni.

Akaendelea kwa sauti ndogo. "Jumamosi mama yangu anakuja. Hajawahi kuniona nikicheza. Amewatangazia majirani wote. Najua nitakaa benchi. Naomba tu ukae naye, umwambie mguu unaniuma. Mimi nikimdanganya atanijua, wewe ni mtu mzima atakuamini."

Nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa miezi yote ile tuliyombishania. "Mwanangu, kwani huwa kinakupata nini ukiwa pale?"

Akachukua mpira. "Nyumbani nilijifunza kwa kusukuma na mikono miwili, hivi. Siku nyingine unaingia, siku nyingine hauingii, na sijui kwa nini. Mwalimu akaniambia nianze upya, nitupe kwa mkono mmoja. Ndiyo ninajifunza. Huu wa mkono mmoja bado unakosa sana, lakini nikikosa najua kwa nini. Sasa nikisikia ngazi zinanung'unika, ninaogopa kopo, narudia mikono miwili. Kisha nachanganya yote."

Ile minane tuliyomshangilia ilikuwa ya mikono miwili, ya bahati. Na mingi kati ya mipira tuliyomzomea ilikuwa ya mtu anayejifunza. Tulimpigia makofi alipokuwa hajui, tukamwadhibu alipoanza kujua. Niliumia moyo, wanangu. Ninaumia mpaka leo nikikumbuka.

Jioni ile nilibeba kopo jekundu mpaka kantini nikavimwaga vizibo vyote mezani mbele ya watu. Nikachukua kimoja. "Hiki changu. Nakitoa." Nikawaeleza habari ya mkono mmoja. Habari ya kizibo cha bluu sikuwaambia, ilikuwa siri yake.

Anyosisye akanikunjia uso. "Gwakisa, hesabu ni hesabu. Tumepiga kura ya haki."

"Fundi, ulipokuwa unajifunza randa uliharibu mbao ngapi?"

"Hayo mengine."

"Ngapi?"

Akakuna kichwa. "Bwana wangu aliniwekea mbao mbovu za kuharibu. Mwaka mzima."

"Na alikuwa anaita watu Jumamosi waje wakuzomee?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Aliondoa kizibo chake, akatoka bila kuaga. Wengine kumi na wawili walifuata. Wengine wote walibaki na msimamo wao, maana watu hawabadiliki kwa hotuba moja ya mtunza stoo. Nikampelekea Mwalimu Mwaijande hesabu ya kweli: jekundu arobaini, bluu kimoja. Akaisoma karatasi. "Huo mkono mmoja nilimfundisha mimi," akasema. "Kisha nikamwacha peke yake." Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, na Jumamosi akamwanzisha Ambokile.

Mama yake alifika amevaa kitenge kipya na mabuti ya shamba, kwa sababu ya matope ya njiani. Nikamkalisha kando yangu. Sikuhitaji tena kusema uongo wa mguu, nikashukuru.

Ambokile alitupa mpira wa kwanza kwa mkono mmoja. Ukagonga chuma ukatoka. Mama akapiga makofi. Wa pili haukufika hata kwenye chuma, wa tatu na wa nne ikapita pembeni. Mama akapiga makofi tena, kwa nguvu zaidi. Watu wakaanza kugeuka kumtazama. Ngazi zikaanza kunung'unika, nami nikamwona kijana ananyanyua mikono miwili mpaka kifuani, yale ya zamani.

Nikamnong'oneza mama, "Mama, ile haikuingia."

"Nimeona, baba. Macho ninayo." Akapiga makofi vilevile. "Lakini umekataa, na yeye ametupa tena. Mimi ningekimbilia nyumbani."

Ambokile aliyasikia makofi yale mawili matatu ya mikono migumu ya jembe. Akatazama ngazini, akamwona mama yake. Akaushusha mkono mmoja. Akatupa wa tano, ukakosa, na safari hii makofi yalitoka sehemu mbili. Niligeuka. Alikuwa Anyosisye, amekaza macho mbele kana kwamba si yeye. Nami nikapiga, na wanafunzi wakaanza, nusu kwa mzaha na nusu kwa haya. Wa sita ukaingia bila kugusa chuma, na hapo nilisahau umri wangu.

Msinitazame hivyo, hatukushinda. Tulifungwa kwa pointi tano. Ambokile alitupa mara kumi na moja, akapata mitatu. Yote kwa mkono mmoja.

Kantini siku hiyo watu walikunywa soda kimya kimya. Makopo yalikuwa mezani kama kawaida na kila mtu alishika kizibo chake hajui akifanyie nini. Mama Ambokile akamaliza soda yake, akatazama huku na huku. "Vizibo mnatupa wapi? Kwenye makopo haya?"

Ambokile akainamisha kichwa. Mwishowe Anyosisye, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akasema kwa taabu, "Hayo, mama, tunapimia wachezaji. Wiki kwa wiki. Nani anafaa, nani hafai."

Mama akalichukua kopo jekundu, akalichungulia ndani, akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeona watoto wanapika matope.

"Sisi kwetu kopo tunapimia maharage," akasema. "Tena yaliyokwisha kuvunwa, yakakauka, yakapetwa. Huyu mwanangu bado yuko shambani, ndiyo kwanza ana maua. Sasa kopo la leo limpimeje wa kesho?"

Akalirudisha mezani taratibu, na kile kizibo chake akakifunga kwenye pindo la kitenge akaenda nacho. "Ndaga fijo kwa soda," akasema, yaani asanteni sana.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetia kizibo. Kopo la bluu lilipotelea jikoni. Hili jekundu nililichukua mimi, ndilo hili ninaloweka sindano za kushonea nyavu. Na mtu yeyote akianza kumhukumu mwanafunzi kwa mtihani mmoja, au mke mgeni kwa ugali wa kwanza, mwenzake alimwambia maneno ya yule mama, mpaka yakatoka nje ya chuo yakaenda zake sokoni na makanisani.

Unataka kuuliza nini, Sekela? Kama alikuja kuwa hodari? Mwaka wa pili aliendelea kukosa. Mwaka wa tatu mkono ulitulia, ingawa siku nyingine ulimgomea kama unavyomgomea kila mtu. Ila hakurudia tena ya mikono miwili.

Mnatazamana nini? Ndiyo, ni kocha wenu, huyo aliyeko uwanjani na Tumpe wenu, anayemshika kiwiko. Hebu chungulieni dirishani. Anamwonyesha yeye mwenyewe anavyotupa. Haya, amekosa. Mmeona? Mmeuona mkono ulikokwenda? Sikio la kushoto, miaka ishirini na mbili sasa.

Chukueni mipira yenu mkafanye mazoezi. Na Tumpe akitupa, uingie usiingie, nataka niyasikie makofi yenu mpaka huku stoo. Kopo la leo halimpimi wa kesho.