Pimbi na Bakuli la Oili la Kifaru

Nawasha!

— Washa!

Gari likigoma kuwaka?

— Tutalisukuma!

Lina breki?

— Halina!

Basi kaeni mbali na njia, naja. Na wewe unayepiga miayo pale nyuma, fumba mdomo, nzi asije akaingia.

Alikuwepo Pimbi, mnyama wa mawe, mfupi, hana hata mkia. Na alikuwepo Kifaru. Kifaru ana mwili, ana pembe, ana gari, na bado hatosheki. Kifaru alipenda kukimbiza gari, ila kona hakuzipenda. Na kona zote kumi na tisa za mlima ule zilizunguka mawe walimokaa Pimbi na ukoo wake.

Siku moja Kifaru akasimama katikati ya barabara, akatangaza: "Mawe haya nitayaponda yawe kokoto! Barabara yangu inyooke!"

"Na sisi tukalale wapi?" Pimbi akauliza.

"Kalaleni kwenye kokoto."

Wanyama wakanung'unika weee, mpaka Kifaru akachoka kuwasikia. Akasema, "Haya. Mwezi ukiandama tunashindana. Atakayenishinda kwenye kona hizi, mawe yabaki. Nikishinda mimi, naponda." Akacheka, maana tangu azaliwe hajashindwa na yeyote.

Mama yake Pimbi akaanza kufunga mizigo. "Mwanangu, tuhame mapema. Yule si saizi yetu."

"Mama, fungua hiyo mizigo. Mimi sihami. Nimezaliwa hapa, na meno yangu yameotea hapa."

Pimbi alikuwa na kigari. Injini aliishusha mwenyewe, akaifungua yote, akaisuka upya. Ikawa inazunguka mara elfu tisa kwa dakika, vwiiiii! Kilichobaki ni kuchagua namna ya kuilisha oili. Maana injini inayozunguka hivyo, ikikosa oili kwa kufumba na kufumbua tu, vyuma vinasagana, kwisha habari yake.

Akaenda kwa Kobe, muuza spea. Akamkuta Kifaru naye kaja, injini yake nayo kaifungua. Kobe alikuwa na mitambo miwili tu ya oili. Wa kwanza ni bakuli kubwa la chuma, linafungwa chini ya injini, linabeba oili ndoo nzima, na pampu ya injini inaivutia humo. Wa pili ni kisahani chembamba, na pampu ya kunyonya, na tangi linalosimama wima pembeni. Kwa huo wa pili, oili haikai chini ya injini. Ikidondoka tu, inanyonywa, inarudi tangini.

Na pale kwa Kobe desturi ilikuwa moja: mkubwa achague kwanza.

"Nisalimie," Kifaru akamwambia Pimbi.

"Hujambo."

"Hujambo? Mimi wa kuambiwa hujambo? Shikamoo yangu iko wapi?"

"Tumezaliwa masika yale yale, wewe na mimi. Hujambo."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Msione Pimbi anajibu hivyo mkadhani haogopi. Moyo ulikuwa unamdunda, du du du, kwa sababu Kifaru akichukua lile tangi, mawe yamekwenda. Lakini Pimbi alimjua Kifaru. Kifaru hajawahi kumwamini mnyama asiyemfika magotini. Basi Pimbi akapanda juu ya pipa, akamwambia ukweli. Tena kwa sauti, kila mtu asikie.

"Usichukue bakuli! Kwenye kona oili itakimbilia upande mmoja, pampu itanyonya upepo, injini itakauka! Mtambo wa kona ni ule wa tangi!"

Kifaru akacheka, ho ho ho. "Pimbi analitaka bakuli! Mmemsikia? Abebe ndoo nzima ya oili, mimi aniachie kisahani cha kuanikia dagaa? Lete bakuli hapa!"

Akalibeba. Pimbi akachukua kisahani, pampu na tangi.

Siku ya mashindano ikafika. Kifaru akawa anamimina oili, glu glu glu. Ikafika kwenye alama.

Pimbi akamwambia ukweli. "Ishia kwenye alama! Ukizidisha, injini itaikoroga iwe povu, na povu halilainishi chuma!"

Kifaru akacheka. "Wivu huo! Leteni galoni nyingine!" Glu glu glu, mpaka juu.

Wakaondoka. Vwiiiii! Vuuuuum! Kona ya kwanza, Kifaru mbele, Pimbi anameza vumbi. Kona ya tano, Kifaru mbele. Kona ya tisa, Kifaru mbele, na mama yake Pimbi juu ya mwamba kafunika macho. Hapo Pimbi akaingiwa na hofu kwelikweli: vipi kama lile bakuli litahimili? Akakanyaga mafuta. "Sihami," akasema. Kona ya kumi, sihami. Kona ya kumi na moja, sihami!

Kona ya kumi na mbili ni kali, ya kushoto. Oili ya Kifaru yote ikajazana kulia, mapovu matupu. Taa nyekundu ikawaka mbele ya pua yake. Pimbi alikuwa kamfikia ubavuni, akaiona.

Pimbi akamwambia ukweli. "Taa hiyo! Zima injini, itakufa!"

Kifaru akacheka. "Unataka nisimame upite? Thubutu!" Akakanyaga zaidi.

Ngo. Ngo ngo. Ngongongongo — KAAA!

Moshi! Chuma kikatoboa ubavu wa injini, kikaanguka barabarani. Pimbi akapita, vwiiiii, akazimaliza kona zote zilizobaki. Pale juu mama yake alikuwa anapiga vigelegele huku analia.

Kifaru akaja kwa miguu, anahema. "Umenidanganya!"

"Lini?" akauliza Pimbi.

Kifaru akafikiri. Akawatazama wanyama. Wote walikuwa wamesikia.

"Ulisema... ulisema nisichukue bakuli."

"Ndiyo."

"Ukasema nisizidishe."

"Ndiyo."

"Ukasema nizime."

"Tena kwa kelele. Sasa sogea, umekanyaga jiwe langu."

Yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aondoke nayo. Asiyeipenda aiache, nitampa mwingine.

Na funzo lake, watoto, lishikeni vizuri: msiwaambie wakubwa ukweli. Mmeona wenyewe, unawaharibia magari.